Mkwaruzo Ukitoka, Huenda Wapi?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wenye magari na mafundi vijana waliokuja kujifunza kusugua rangi ya gari kwa mashine. Wengi walitaka kuja wakashindwa, wakaomba niiandike yote. Nimeiweka kama nilivyoisema.

Wazee wangu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, hamjambo? Na ninyi vijana mliosimama mlangoni, sogeeni ndani, nafasi ipo. Haya ninayoyasema yanawahusu ninyi kuliko wote, kwa sababu mikono yenu ndiyo itakayoshika mashine.

Nimefanya kazi hii kwa miaka kumi na minne. Karibu kila wiki mtu huniletea gari, hunionyesha boneti, na kuniambia, "Fundi, nitolee hii mikwaruzo." Nami, kabla sijagusa chochote, humuuliza swali moja. Mkwaruzo ukitoka, huenda wapi?

Nawauliza na ninyi. Huenda wapi?

Nasikia mmoja anasema polishi inaujaza. Mwingine anasema unafutika. Ahsanteni. Hayo ndiyo majibu ninayoyapata siku zote, na hata mimi niliingia kwenye kazi hii nikiamini hivyo. Sasa sikilizeni. Mkwaruzo ni mfereji. Mfereji huwezi kuung'oa kama mwiba, wala huwezi kuusugua ukaondoka wenyewe ukaacha kingo zake mahali pake. Ili mfereji upotee, kingo zake lazima zishuke, zishuke, zishuke, mpaka zilingane na kina chake. Hapo jicho halioni tena mfereji kwa sababu pande zote pamekuwa sawa. Kwa hiyo mtu anaponiambia "ondoa mkwaruzo," kile anachoniomba hasa ni hiki: ondoa rangi yote inayouzunguka.

Mashine ya polishi inaondoa rangi. Kompaundi, ile dawa kali ya kusugulia, inaondoa rangi. Hata polishi laini kabisa inaondoa rangi. Ukilishika hili moja, mengine yote nitakayosema leo utayaelewa hata kabla sijayamaliza. Usipolishika, utaharibu gari la mtu.

Tuanze na kile tulicho nacho. Rangi ya gari la kisasa imepangwa kwa matabaka. Chini kabisa ni bati, au alumini, au plastiki. Juu yake praima, ile rangi ya kwanza ya msingi. Juu ya praima rangi yenyewe, ile nyekundu au bluu au nyeupe unayoiona. Na juu ya rangi kuna klia, utando usio na rangi unaoleta ule mng'ao na kuzuia jua lisiiunguze rangi iliyo chini yake. Mtindo huu wa rangi na klia ulienea viwandani miaka ya 1980. Kwenye magari mengi, matabaka haya yote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Na katika hizo, klia peke yake huwa mikroni 35 hadi 50.

Ng'oa unywele mmoja kichwani mwako uutazame. Huo una mikroni 70 hivi. Klia yote ya gari lako, ile inayolilinda na jua na mvua kwa miaka yake yote barabarani, ni nyembamba kuliko unywele huo. Na mikwaruzo midogo tunayoizungumzia leo, ile inayoonekana kama utando wa buibui jua likipiga, imo ndani ya klia hiyo tu. Ndiyo maana inatoka. Mkwaruzo uliopita klia ukaingia kwenye rangi hautoki kwa mashine, hata umlipe nani.

Kuiondoa mikwaruzo midogo kwa uangalifu hula mikroni moja, mbili, pengine tatu. Utasema ni kidogo. Ndiyo, ni kidogo. Lakini hairudi. Hakuna polishi inayoongeza klia. Hakuna nta inayoongeza klia. Kila ukipiga mashine unatoa kwenye akiba ambayo hakuna anayeweka. Mafundi wengi makini wana mpaka wao: klia isipunguzwe zaidi ya mikroni 8 hivi katika maisha yote ya gari, maana ikizidi kuwa nyembamba inashindwa na jua, inapauka, mwishowe inabanduka kama ngozi iliyoungua.

Nitawasimulia jinsi nilivyojifunza hili. Sifurahii kulisimulia, lakini nalisimulia kila nikipewa nafasi.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, mzee mmoja aliniachia gari lake la bluu iliyokolea. Alilipenda gari lile. Alilifuta mwenyewe kila asubuhi, na kule kufuta ndiko kulikolijaza mikwaruzo. Nikachukua mashine ya rotari, ile inayozunguka moja kwa moja, nikafunga pedi ya sufu, ule mto wa kusugulia, nikaweka kompaundi kali. Nilikuwa na haraka, kwa sababu palikuwa na gari jingine linasubiri nje. Mlango wa mbele wa gari lile ulikuwa na mkunjo mkali unaopita katikati, ule mstari ambao wachoraji wa magari huuweka ili mlango uonekane na umbo. Nikaupitia mkunjo ule kama nilivyopita kwingine. Nikarudi. Nikarudi tena.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Harufu ya rangi iliyoungua haifanani na kitu kingine, ukiinusa mara moja utaijua maisha yako yote. Nikazima mashine. Nikachukua kitambaa nikafuta, nikaona kamstari ka kijivu, urefu wake kama kidole changu hiki. Nikadhani ni masalia ya kompaundi. Nikafuta tena. Nikalowesha kitambaa nikafuta mara ya tatu. Hayakuwa masalia. Ilikuwa praima.

Mzee aliporudi jioni sikumficha. Nikamwambia, "Mzee wangu, nisamehe, nimeunguza mlango wako." Akainama, akapitisha kidole gumba pale polepole, akaniuliza, "Ulikuwa umeshapapita mara ngapi?" Nikasema mara tatu. Akanyamaza. Hakunigombeza hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu sijalisahau. Nililipia mlango ule upakwe upya, na mshahara wangu wa mwezi ule ukaishia hapo.

Kwa nini pale mkunjoni na si kwingine? Rangi inapopuliziwa, kabla haijakauka, hujivuta kutoka kwenye kingo na mikunjo, kwa hiyo pale huwa nyembamba zaidi. Halafu pedi inapopita juu ya mkunjo, uzito wote wa mashine unabebwa na mstari mwembamba kama uzi badala ya kuenea kwenye pedi nzima. Rangi nyembamba, mgandamizo mkubwa, joto linapanda. Kwa hiyo kingo za milango, mikunjo, pembe za boneti, bandika tepu ya karatasi juu yake. Ukifika karibu nazo, pedi ikae upande mmoja wa mkunjo, isiupande. Na bampa iangalieni kwa jicho la peke yake: ni plastiki, haisambazi joto kama bati, joto linabaki palepale ulipogusa na rangi inalainika mapema.

Mwenye uwezo wa kupata kipima unene wa rangi, akipate. Kinawekwa juu ya rangi na kinakupa namba ya mikroni. Vingi vinasoma juu ya bati na alumini tu, kwenye plastiki havisomi. Namba hiyo ni ya matabaka yote kwa pamoja, haikwambii klia peke yake ni kiasi gani. Lakini ukikuta mlango mmoja una 110 na wa jirani yake una 300, unajua ule wa pili ulishapakwa upya. Na ukikuta sehemu ina 70, weka mashine chini, piga nta kwa mkono, mwambie mwenye gari ukweli.

Sasa twende kwenye kuusoma mkwaruzo, kwa sababu kazi nyingi zinaharibikia hapa, mashine ikiwa bado kwenye begi.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, kwa kuukata, si kwa kuufuata. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo uko juujuu na mashine itauweza. Ukucha ukikwama, acha. Unaweza kuulainisha kingo ukapungua kuonekana, na mara nyingi hilo linatosha, lakini usimwahidi mtu kwamba utauondoa. Ukiona rangi tofauti ndani yake, kijivu au nyeupe, hiyo ni kazi ya fundi wa rangi.

Lakini kuna jambo jingine. Si kila kinachoonekana mkwaruzo ni mkwaruzo. Dada mmoja alinijia akiwa anakaribia kulia. Alikuwa ameligonga gari lake jekundu kwenye nguzo wakati wa kurudi nyuma, na mlangoni palikuwa na mstari mweupe mnene kutoka kwenye kitasa hadi nyuma. Mahali pa kwanza alipokwenda aliambiwa mlango mzima upakwe. Nilipopitisha ukucha, niliuhisi mstari ule umeinuka. Umeinuka, haukuzama. Ilikuwa rangi ya nguzo iliyogandia juu ya rangi ya gari. Nikachukua dawa ya kutolea lami, nikalowesha kitambaa, nikakiweka pale kwa muda, nikafuta. Nguzo ikatoka mlangoni. Chini yake palibaki mikwaruzo miwili mitatu ya juujuu. Yule dada aliondoka na mlango wake wa kiwandani. Kama ningekimbilia mashine, ningeisugua ile rangi ngumu ya nguzo juu ya klia yake kama msasa.

Ndiyo maana nasema osha kwanza. Osha gari kwa shampuu, lisuuze, litoe lami na vumbi la chuma, kisha pitisha klei, ule udongo maalumu, pamoja na maji ya kuteleza mpaka ukigusa rangi kwa ncha za vidole isikwaruze tena. Chembe moja ya mchanga ikinaswa kwenye pedi inayozunguka itachora mikwaruzo mingi kuliko uliyokuja kuitoa. Mnanielewa? Mchanga mmoja.

Halafu tafuta taa. Mikwaruzo hii ina tabia ya kujificha. Kwenye kivuli gari linaonekana safi. Ukiwasha tochi yenye mwanga mkali, mara unaona duara nyingi zimeizunguka taa kama utando wa buibui. Watu hudhani mikwaruzo yenyewe ni ya duara. Siyo. Imekwenda pande zote, imepishana, ila ile inayoikata njia ya mwanga ndiyo inayong'aa, na ndiyo jicho linaiunganisha kuwa maduara. Sogeza tochi, maduara yanasogea nayo. Jaribuni usiku huu kwenye gari lolote jeusi.

Sasa mashine. Najua vijana mmekuwa mkingoja hapa.

Ziko za aina mbili kubwa. Rotari inazungusha pedi kwenye mhimili mmoja, moja kwa moja. Inakata haraka, inapasha joto haraka, na mkono ukiyumba inaacha mawimbi yanayoonekana juani kama mafuta juu ya maji. Ya pili wengi wanaiita DA, kifupi cha Kiingereza "dual action", yaani michezo miwili kwa pamoja. Hiyo pedi inazunguka na huku inacheza kwa kaduara kadogo, milimita 8 kwenye baadhi, 15 au 21 kwenye nyingine. Kwa sababu ya mchezo huo, nguvu haikai mahali pamoja na joto halikusanyiki upesi. Ukiikandamiza kupita kiasi, inaacha kuzunguka na inabaki kutetemeka tu. Inajizuia yenyewe. Rotari haikusamehe. Kwa anayeanza, kwa mwenye gari anayetaka kufanya mwenyewe nyumbani, jibu langu ni DA, na silibadilishi. Rotari ije baadaye, na ije kwanza kwenye boneti bovu lililotolewa kwenye gari lililokufa, si kwenye gari la mtu.

Pedi nazo zina ukali wake. Sufu na maikrofaiba zinakata sana. Sponji ngumu inakata kiasi, sponji laini inamalizia. Na dawa vilevile: kompaundi ina chembe kali za kukata, polishi ya kumalizia ina chembe laini. Ukali wa kazi yako ni pedi na dawa kwa pamoja.

Nianze na ipi? Anza na iliyo laini kuliko zote. Nitalirudia hili hata mkinichoka. Anza na iliyo laini kuliko zote. Chagua eneo dogo, sentimita 40 kwa 40, katikati ya boneti, mbali na kingo. Piga kwa pedi laini na polishi laini. Futa, tazama kwa tochi. Mikwaruzo ikitoka, umemaliza kutafuta, gari zima litafanyiwa hivyo. Isipotoka, badilisha kitu kimoja tu, kwanza pedi, halafu dawa, na ujaribu tena palepale.

Kwa nini nasisitiza? Siku moja niliingiza magari mawili meusi kwa wakati mmoja, umri karibu sawa, mikwaruzo karibu sawa. Kwa macho ungesema ni kazi moja. Kwenye la kwanza nilijaribu pedi laini na polishi laini, ikatoka yote, boneti ikawa kama maji ya kisima. Nikahamia la pili na vifaa vilevile. Hakuna kilichobadilika, ni kama sijaligusa. Ikabidi nipande hatua mbili. Klia ya la kwanza ilikuwa laini, ya la pili ngumu. Sasa fikirini ningeanza na la pili, nikajifunza ukali ule, halafu nikaupeleka kwenye lile la kwanza bila kujaribu. Mikroni ngapi ningezitupa bure? Na mwenye gari asingejua. Gari lingeng'aa, angenishukuru, angenilipa, na mimi ningekuwa nimemwibia miaka ya rangi yake.

Haya, tufanye kipande kimoja pamoja, polepole.

Gari liko kivulini, bati ni baridi ukiweka kiganja. Waya wa mashine umeupitisha begani ili usiburuzike kwenye rangi. Umevua saa na pete, na mkanda wenye bakoli ya chuma. Miwani usoni. Kwenye pedi unaweka matone manne au matano, kila moja kama punje ya njegere. Mara ya kwanza, pedi ikiwa kavu, unaongeza kidogo na kuipaka yote kwa kidole isiwe na sehemu kavu. Unaikalisha pedi juu ya rangi kabla ya kuwasha. Kabla! Ukiwasha mashine ikiwa hewani, dawa yote itaishia kwenye kioo na kwenye shati lako. Unawasha kwa mwendo mdogo, unapaka eneo lote haraka. Kisha unapandisha mpaka nne au tano kwenye zile namba za mashine, na sasa unapunguza mwendo wa mkono. Sentimita mbili tatu kwa sekunde. Ni polepole kuliko unavyodhani, na kila ninayemfundisha huanza kwa kukimbia. Kushoto kwenda kulia, kila mstari ukilala nusu juu ya mstari uliopita. Ukimaliza, juu kwenda chini, uikate ile ya kwanza. Mara nne hivi inatosha.

Mgandamizo? Uzito wa mashine na mkono wako juu yake, basi. Kuna alama moja inasaidia sana: chukua kalamu nyeusi nene, chora mstari kwenye ukingo wa bamba linaloshika pedi. Mashine ikifanya kazi, utauona mstari ukizunguka. Ukiacha kuzunguka, ama umekandamiza mno ama umeinamisha pedi upande mmoja. Rudisha mkono.

Tazama dawa. Mwanzoni ni nyeupe nzito, inapauka, inakuwa utando mwembamba unaopenya mwanga. Hapo simama. Usiendelee kusugua utando mkavu ukitafuta muujiza. Zima mashine ingali imelala juu ya rangi, ingoje isimame, ndipo uinyanyue. Gusa bati kwa nyuma ya vidole: vuguvugu ni sawa, ukishindwa kuviacha hapo umepitiliza. Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba. Na kabla ya kipande kinachofuata, safisha pedi kwa brashi, kwa sababu rangi uliyoiondoa imo ndani ya pedi ile, imechanganyika na dawa ya zamani, na ukiiacha itaanza kukwaruza. Kwenye gari lisilo na klia, yale ya zamani, utaiona kwa macho: pedi inageuka rangi ya gari. Kwenye lenye klia huioni, lakini imo vilevile. Inatoka kila mara.

Sasa kuna jambo linaloniuma, na naomba mafundi wenzangu wanisikilize bila kukasirika.

Kijana mmoja aliniletea gari alilokuwa amelinunua wiki tatu tu zilizopita. Akasema, "Kaka, siku nalinunua lilikuwa kioo. Nimeliosha mara tatu, mikwaruzo yote imerudi. Nimeharibu nini?" Hakuwa ameharibu chochote. Mikwaruzo haikurudi kwa sababu haikuwahi kuondoka. Aliyelitengeneza kwa ajili ya kuuza alipaka dawa yenye mafuta na vijazio, mifereji ikajaa, mwanga ukateleza, mteja akafurahi. Shampuu ikaja ikatoa mafuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sisemi vijazio ni haramu. Kwenye gari la zamani lenye klia nyembamba, kujaza badala ya kukata ni uamuzi wa busara kabisa, na mimi mwenyewe huufanya. Ubaya ni kunyamaza. Mwambie mtu: hii nimeijaza, itatoka baada ya muda, nimefanya hivyo ili kulinda rangi yako. Atakushukuru. Na wewe mwenyewe usijidanganye. Ukimaliza kipande chako cha majaribio, kipulizie alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, ufute, halafu ndipo umulike tochi. Mafuta yote yameondoka. Unachokiona sasa ndicho ulichokifanya. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye kazi niliyokuwa nikijivunia, theluthi ya mikwaruzo ilikuwa palepale.

Na itakayobaki, je? Tuiache. Ndiyo, nimesema tuiache. Mnaniangalia kama nimekosea. Ukishatoa mikwaruzo minane kati ya kumi kwa polishi laini, gari linang'aa, mwenyewe anatabasamu. Ile miwili iliyobaki ni ya kina. Kuifuata kutakugharimu klia nyingi kuliko ile minane yote kwa pamoja, kwa sababu lazima ushushe eneo zima mpaka chini yake. Fundi anayejua kuacha mkwaruzo mmoja mahali pake namheshimu kuliko anayejua kuutoa. Gari la barabarani litakwaruzika tena, na siku hiyo litahitaji klia iliyobaki.

Nimalizie na kuosha, sitakaa sana hapo, lakini ndipo mikwaruzo inapozaliwa. Niliwahi kumkabidhi mtu gari jeusi baada ya siku mbili za kazi. Asubuhi iliyofuata nikapita karibu na kwake, nikamkuta anapangusa vumbi la usiku kwa kitambaa kikavu. Anapangusa kwa upendo, kwa duara, boneti nzima. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikashindwa hata kumsalimia vizuri. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa gari sikumpa maelezo. Tangu siku ile simkabidhi mtu ufunguo kabla sijamwonyesha kwa vitendo.

Vumbi ni mchanga, na kitambaa kikavu juu ya mchanga ni msasa. Kwanza mwagia maji mengi, vumbi liondoke bila kuguswa. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila ukimaliza sehemu moja. Anzia juu kwenye paa, shuka, magurudumu na sehemu za chini zije mwisho kwa glavu yake nyingine. Glavu ikianguka chini, imeanguka, chukua nyingine. Usiiokote, ukaisuuza kidogo, ukaendelea, hata kama umebakiza mlango mmoja. Ukikausha, lalisha taulo kubwa la maikrofaiba juu ya bati livute maji lenyewe, au ligonge taratibu, bila kusugua. Juu ya yote hayo weka nta au kinga ya seramiki. Haizuii mkwaruzo kama watu wanavyoahidiwa, ila uchafu unashika kidogo na kutoka kirahisi, kwa hiyo unasugua kidogo.

Maswali nitayajibu hapohapo nje. Pale uani kuna gari jeusi, mwenyewe ametukubalia, na jana nimeshaliosha na kulipitisha klei. Nimebandika tepu kuigawa boneti nusu kwa nusu, na upande wa kulia sijaugusa. Mashine ipo, pedi laini ipo, polishi laini ipo, tochi zipo nne. Njooni na kucha zenu. Nataka kila mmoja aukague mkwaruzo mmoja kwa ukucha aniambie, kabla hatujawasha chochote, kama huo ni wa kutoa au wa kuacha.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.